Kupika mbege nyumbani mara ya kwanza: anzia kwenye kimea

Kila anayeniuliza mbege, ile pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, inapikwaje anaanza na ndizi. Ninunue ndizi gani, mkungu mmoja unatosha, zichemke masaa mangapi. Namwelewa kabisa maana hata mimi nilianzia hapohapo, ila ndizi hata ukikosea kidogo pombe bado inatoka, kinachowaangusha wengi wanaoanza ni ulezi, yaani kimea, ulezi uliooteshwa ukakaushwa. Na ukifikiria wala sio ajabu, mbege kwa Kichagga ni jina la ulezi wenyewe, kwahiyo wazee waliibatiza pombe nzima kwa jina la ile nafaka wakati ndizi ndo zinajaza pipa. Walijua walichokuwa wanasema.

Mimi nilifundishwa na mama mkubwa wangu kule Kibosho, Kilimanjaro, halafu nikaanza kupika mwenyewe hapa Dar kwenye nyumba ya kupanga, ndoo moja ya lita 20 kwa wakati, jiko la mkaa na uvumilivu. Kwahiyo haya naandika kwa mtu ambaye hana pipa la mti wala kihamba cha migomba nyuma ya nyumba. Vipimo vyote hapa ni vya lita 20. Usianze na lita 100 kwa sababu eti kuna kipaimara mwezi ujao, anza na ndoo moja, ikiharibika umepoteza kidogo na umejifunza.

Kwanza elewa picha nzima. Mbege ni vitu viwili vinavyopikwa mbalimbali halafu vinakutana siku ya mwisho. Cha kwanza ni nyangi, hizo ni ndizi mbivu zilizochemshwa sana mpaka zikabadilika rangi, zikapoa, zikaachwa zichachuke siku kadhaa. Cha pili ni mso, uji wa unga wa kimea cha ulezi. Unachuja nyangi, unachanganya na mso, unafunika, unalala, kesho yake unakunywa. Kuna na kitu cha tatu, gamba la mti wa msesewa, la kuweka uchungu, hilo nitalifikia na nina maneno nalo.

Vifaa sio vya kutisha. Sufuria kubwa ya kuchemshia, ndoo mbili za plastiki za lita 20 zenye mifuniko, mwiko mrefu, kitambaa safi cha kuchujia (shuka jipya la pamba ukilifua mara mbili linafaa sana), beseni, na mkeka au turubai safi la kuanikia. Ndoo ziwe za chakula. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi ya nyumba au dawa ya mifugo hata uioshe mwezi mzima usiitumie, pombe inakaa humo siku kadhaa na ina uchachu, inavuta kila kitu kilichojificha kwenye plastiki. Na sufuria ya alumini ichemshie tu, usiache nyangi ikalala humo kuchachuka, uchachu unakula alumini na utaisikia kwenye ladha.

Sasa kimea.

Nunua ulezi kilo 2 na nusu, utapungua kidogo njiani. Dar naupata Tandale, mwingi unaambiwa umetoka Sumbawanga au Singida. Chagua uliokauka vizuri, usionuka vumbi la ghala, na muulize muuzaji kama ni wa msimu huu. Usinunue mbegu za duka la pembejeo hata siku moja, zile zinapakwa dawa ya kuua wadudu na fangasi, mara nyingi zina rangi nyekundu au kijani, ni za kupanda shambani tu na zinaweza kukudhuru kweli. Ulezi wa kula ndo ulezi wa kimea.

Kabla hujaloweka wote fanya jaribio hili, linachukua siku mbili na limeniokoa zaidi ya mara moja. Hesabu punje 100, ziweke kwenye kitambaa chenye maji maji, kifunike na sahani, acha. Kesho kutwa hesabu zilizochipua. Zikiwa themanini na kitu kwenda juu, endelea. Zikiwa chini ya hapo ule ulezi ni mzee au ulianikwa kwa moto, na ukiulazimisha zile punje zisizochipua zitakaa kwenye unyevu bila kazi mpaka ziote ukungu na kuwaharibia wenzake.

Chagua mawe na takataka, osha maji matatu manne mpaka yawe meupe, loweka kwenye maji ya kutosha usiku mzima mpaka kesho yake jioni, katikati hapo badilisha maji mara mbili. Ukimwaga maji utaona punje zimevimba na zina rangi ya kung'aa. Chuja mpaka maji yaishe kudondoka.

Hapo ndo unaziotesha. Kule nyumbani mama mkubwa anazifunga kwenye majani ya mgomba yaliyopitishwa motoni yakalainika, anaweka juu gunia, anaacha kwenye kona ya jikoni karibu na mafiga ambapo kuna joto kidogo. Mimi hapa natumia gunia la katani lililofuliwa, nalilowesha, natandaza ulezi ndani unene wa vidole viwili sio zaidi, nakunja, naweka kwenye beseni lenye matundu. Asubuhi na jioni nafungua, nageuza kwa mkono kutoka chini kuja juu, nanyunyiza maji kidogo kama umeona umekauka. Kugeuza sio mapambo. Mbegu inayoota inapumua na inatoa joto, ukiweka mkono katikati ya rundo siku ya pili utashangaa lilivyo la moto, na ule moto ukibaki hapo katikati unaua machipukizi na kukaribisha ukungu.

Mara yangu ya kwanza hapa Dar sikuwa na gunia, nikafunga ulezi kilo 3 kwenye mfuko wa plastiki mweusi nikidhani ndo utatunza unyevu. Siku ya pili nafungua naona nyuzi nyuzi nyeupe, nikajiambia ni mizizi. Haikuwa mizizi. Mizizi ya ulezi ni minyoofu, imeshika kwenye punje na kila punje ina wake, ile ilikuwa imetandaa juu ya punje kama utando wa buibui na chini yake kulikuwa na rangi ya kijani. Nikampigia mama mkubwa nikamwelezea, hakuuliza rangi wala idadi ya siku, aliuliza jambo moja tu: "Inanukaje mwanangu?" Nikamwambia inanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Akasema mwaga yote, na huo mfuko utupe.

Nilimwaga na nilimwaga kwa uchungu, ila ndo ushauri ninaoutoa kwa msisitizo kuliko wote kwenye haya maandishi. Kimea chenye ukungu hakioshwi, hakianikwi kikapona, hakipikwi kikawa salama. Baadhi ya ukungu wa nafaka unatoa sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Pombe itakuwa na ladha ya kawaida tu na sumu iko ndani, inaenda kwenye ini la mtu uliyemkaribisha nyumbani kwako. Kimea kizuri kinanuka kama tango lililokatwa sasa hivi au majani mabichi baada ya mvua. Nusa kila unapogeuza.

Kwa joto la Dar siku mbili hadi tatu zinatosha, kule juu mlimani zinaenda nne na kuendelea. Unataka chipukizi lifike kama sentimita moja, punje zimeshikana kwa mizizi mpaka unaweza kunyanyua bonge zima mkononi. Likishaanza kuwa na rangi ya kijani umechelewa, mmea umeanza kula ile sukari uliyokuwa unaitaka wewe. Vunja mabonge, tandaza kwenye mkeka unene mdogo kabisa, anika juani siku mbili tatu, jioni ingiza ndani maana umande unarudisha unyevu. Kimekauka pale ukitafuna punje inapasuka ka! na inaacha utamu kwenye ulimi. Sugua kwa viganja mizizi itoke, pepeta, peleka mashine wasage. Mwambie wa mashine asisage laini kama unga wa uji wa mtoto, kiwe na chenga chenga, utanishukuru siku ya kuchuja. Na mashine ikiwa imetoka kusaga muhogo au mahindi yaliyooza mwombe apitishe kwanza kilo ya nafaka nyingine.

Kimea kikishakauka vizuri kinakaa kwenye chombo kikavu wiki kadhaa bila shida, kwahiyo hii kazi unaweza kuimaliza mapema kabla hata hujanunua ndizi. Na ndivyo ninavyokushauri kabisa, usiendeshe kimea na ndizi kwa pamoja mara ya kwanza, utachanganyikiwa.

Kwanini tunahangaika hivi na kuotesha? Ulezi mkavu umejaa wanga, na chachu haiwezi kula wanga, inakula sukari. Mbegu ikianza kuota inatengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga kuwa sukari ili ilishe mche. Sisi tunaiacha ivitengeneze halafu tunaikausha ikiwa tayari navyo. Watu wa bia ya chupa wanafanya hivyohivyo kwenye shayiri, viwanda vyao ni vikubwa tu ila kazi ni ileile ya mama mkubwa na majani yake ya mgomba.

Haya, ndizi. Kwa lita 20 tafuta ndizi ambazo zikimenywa zitafika kilo 8. Nyumbani wanapenda ndizi ng'ombe zikiiva kwa pombe, Dar naenda soko la Mahakama ya Ndizi pale Mabibo nachukua zilizopo, mradi zilainike na ziwe tamu. Muhimu ni kuiva. Usichemshe ndizi yenye kijani, wala ya njano safi isiyo na doa, subiri mpaka ganda liwe na madoa meusi na ukiibonyeza inaingia. Ndizi inavyoiva wanga wake unageuka sukari wenyewe bila msaada wako, kwahiyo kila siku unayosubiri ni nguvu unayoongeza bure. Iliyooza yenye maji maji ya kunuka toa. Wauzaji wanafurahi kuuza zilizoiva kupita kiasi kwa bei ya chini maana hazina wateja, kwahiyo nenda jioni.

Menya, weka kwenye sufuria na maji lita 10, chemsha. Kwanza moto mkali mpaka ichemke halafu punguza, iendelee polepole masaa manne hadi sita, ukiongeza maji kidogo tu ikianza kukauka na ukikoroga chini isishike. Hapa watu wanachoka wanaepua mapema. Ndizi mwanzoni zinakuwa na rangi ya krimu, saa la pili zinakuwa kama za kijivu zisizopendeza, halafu taratibu zinaanza kugeuka, hudhurungi, mwisho nyekundu ya udongo wa kule kwetu, na harufu nayo inabadilika kutoka ndizi kuwa kitu kama sukari inayoungua kwa mbali. Ukiona ile rangi nyekundu imekolea ndo umefika. Ikiungua chini ukakwangua yale meusi ukayachanganya, pombe nzima itanuka moshi, kwahiyo ikishika usikwangue, hamishia sufuria nyingine kilichopo juu.

Acha ipoe kabisa ndani ya sufuria iliyofunikwa, kisha mimina kwenye ndoo uliyoiosha kwa sabuni, ukaisuuza mpaka sabuni iishe, ukaimwagia maji yaliyotoka kuchemka. Mwiko nao mwagia.

Sasa kuna jambo la chachu ambalo wazee hawakulazimika kulisema maana lilikuwa linajifanya lenyewe. Mapipa yao ya mti yanapikiwa mbege miaka na miaka, chachu imeshaingia kwenye mbao, ukimimina ndizi zilizopoa inaamka. Wewe una ndoo ya plastiki mpya na ndizi ulizochemsha masaa sita, humo hamna chachu hai. Ukiiacha tu itachachuka siku moja, ila hujui kitakachotangulia kuingia ni nini, inaweza ikawa chachu nzuri na inaweza ikawa vijidudu vya siki. Kwahiyo omba kikombe cha nyangi au mbege hai kwa mtu anayepika, ndo njia bora na ladha inakuja na ukoo wake. Kama humjui mtu, kijiko kimoja cha chai cha hamira ya unga ya kuumulia mandazi kinatosha kwa ndoo nzima, koroga kwenye maji ya uvuguvugu kikombe nusu ikae dakika kumi ianze povu, mimina. Usione aibu, hamira na chachu ya baadhi ya bia ni kiumbe wa aina moja, waliolelewa kwa kazi tofauti. Hakikisha tu ndizi zimepoa, ukiingiza mkono usikie baridi au uvuguvugu mdogo, moto unaiua.

Funika na kitambaa safi halafu weka mfuniko juu bila kuubana. Usibane! Chachu ikila sukari inatoa kileo na hewa ya kaboni, ile hewa lazima ipate pa kutokea. Weka ndoo kwenye kivuli, sehemu yenye ubaridi kuliko zote ndani ya nyumba, mimi naiweka bafuni sakafuni ndani ya beseni la maji na nimeizungushia taulo iliyolowa. Kule Kibosho nyangi inakaa mpaka wiki, hapa kwetu kwenye joto siku tatu nne imemaliza.

Siku ya pili fungua uchungulie, hiki ndo kipande ninachokipenda kuliko vyote. Nyama ya ndizi imepanda yote juu imekuwa kama kofia nene, imepasuka pasuka katikati, na kwenye ile mipasuko povu linatoka dogo dogo linapasuka lenyewe, ukiinamisha sikio unasikia inanong'ona. Izamishe ile kofia kwa mwiko safi mara moja kwa siku, ikikaa juu kavu inaota ukungu. Ikifika siku ya tatu au ya nne mnong'ono unapungua, nyama inaanza kuzama, ukionja haina utamu tena, ni chachu, kali kidogo, inabana ulimi. Hapo nyangi tayari. Usikate tamaa kwa hiyo ladha, nyangi peke yake haijawahi kumfurahisha mtu, utamu unakuja na mso.

Siku ya kukutanisha panga iwe jana yake ya siku ya kunywa. Mathalani unataka kunywa jumapili, basi chemsha ndizi jumatatu usiku kuamkia jumanne, na jumamosi mchana ndo unapika mso.

Mso: chukua unga wa kimea kilo 2, toa kikombe kimoja uweke pembeni kibichi. Uliobaki koroga kwenye maji baridi lita 6 usiwe na madonge, ndo uweke jikoni, moto wa taratibu huku unakoroga bila kuacha. Utaanza kuwa mzito, ukisonga mbele unalegea kidogo na kupata utamu, hapo vimeng'enya viko kazini, kwahiyo usiharakishe hiyo sehemu, ipe kama nusu saa kabla haujachemka. Ukichemka acha uchemke dakika 20, epua.

Sasa subiri upoe mpaka uweze kuingiza kidole ukahesabu mpaka kumi bila kukitoa. Hapo chukua kile kikombe cha kimea kibichi ulichobakiza, nyunyiza juu, koroga. Tazama kitakachotokea. Uji uliokuwa unashika mwiko ndani ya dakika chache unaanza kuteleza, unalegea, unakuwa mwepesi mpaka unamiminika kama maziwa, na ukionja umekuwa mtamu wakati hujaweka sukari hata chembe. Kuchemka kuliua vimeng'enya vya mwanzo, hiki kikombe kimeleta vipya vikakuta wanga ulioiva unawasubiri. Ila ukikiweka uji ukiwa bado unatokota navyo vinakufa palepale na hutaona lolote, ndo maana ya kidole. Kama uji haujalegea hata kidogo na kidole kilikaa sawa, basi kimea chako hakikuota vya kutosha, tatizo liko kule mwanzo kwenye gunia.

Wakati mso unapoa kabisa, chuja nyangi. Ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa lita 5 hivi, koroga, mimina kidogo kidogo kwenye kitambaa juu ya ndoo ya pili, kamua kwa mikono iliyooshwa vizuri. Makapi wape kuku au nguruwe wa jirani, kidogo kidogo maana yana kileo. Mimina mso kwenye ile nyangi iliyochujwa, koroga vizuri, ongeza maji yaliyochemshwa mpaka ifike karibu lita 18, acha nafasi ya povu. Onja: sasa hivi ni tamu kama togwa, ina uchachu kwa mbali. Funika vilevile, kitambaa na mfuniko usiobanwa.

Msesewa. Mlimani wanaweka gamba la huu mti lililokaushwa na kusagwa, linaleta uchungu unaokata utamu wa ulezi na inasemwa linaifanya pombe isiharibike haraka, ni kama vile bia ya chupa inavyowekwa hopsi, yale maua machungu. Kwangu mbege bila msesewa inakosa uti wa mgongo. Ila ushauri wangu kwako unayeanza ni kwamba mara ya kwanza usiweke kabisa. Msesewa ni jamii ya miti ambayo magamba na mizizi yake yana dawa za kushusha presha, sio kiungo cha kumwagia kwa kukadiria. Ukishazoea, nunua kwa mtu wa mlimani anayeujua mti wenyewe, usibanduliwe gamba la mti wowote na mtu usiyemjua, na anza na kijiko kimoja cha chai cha unga wake kwa ndoo yote, uchemshe na mso. Wanaotumia dawa za presha au moyo na wajawazito usiwape yenye msesewa, na mjamzito kwa ujumla usimpe pombe ya aina yoyote.

Asubuhi ya jumapili fungua. Inatakiwa uone povu zito la rangi ya maziwa ya chai limetanda juu, harufu ya ndizi na mkate kwa pamoja, na ukikoroga inafoka. Ladha inakuwa utamu, uchachu na mchomo kidogo wa kileo vimekaa sawa. Nguvu yake kwa hivi vipimo inakuwa chini kidogo ya bia ya chupa, ila usiidharau, inateremka kama uji na mtu anajikuta amekunywa lita mbili anaongea tu. Kama haijafanya povu na ni saa nne asubuhi, mara nyingi ni ubaridi au mso ulikuwa wa moto ukaua chachu, isogeze kwenye joto uipe mpaka jioni. Kama inanuka siki kali ya kuchoma pua, hewa na vijidudu vya siki vimeingia, haitakuua ila haifai kumpa mgeni. Ukiona utando wa rangi rangi juu, kijani, mweusi, wa waridi, mwaga bila kuonja.

Mbege haikai. Siku ya kwanza ni tamu, ya pili ni ya wanywaji wenyewe, ya tatu imeshakuwa chachu na kali, zaidi ya hapo sikushauri. Ukiweka kwenye friji unaongeza siku moja mbili. Na usiifungie kwenye chombo kilichobana, hili nalisema kutokana na kilichonikuta mwenyewe: nilibeba dumu la lita 10 kwenye buti ya gari kupeleka kwenye mahari ya binamu yangu, nikafunga mfuniko kwa nguvu zote isimwagike. Tulikuwa kwenye jua karibu masaa mawili. Nilipofungua buti dumu lilikuwa limevimba limekuwa duara, na mtoto wa shangazi akanyoosha mkono kufungua kabla sijasema kitu, mfuniko ukaruka ukapita pembeni ya uso wake. Ingekuwa jicho ningeongea nini na shangazi? Sasa hivi nikisafirisha nalegeza mfuniko, naziba na kitambaa, dumu linajazwa robo tatu tu na linasimamishwa wima miguuni kwa mtu sio kwenye buti. Chupa za kioo ndo kabisa usijaribu, kioo kikipasuka ni risasi.

Watu wananiuliza pia kama pombe ya nyumbani inaweza ikamfanya mtu kipofu. Hizo habari zinatoka zaidi kwenye pombe za kukenekwa na zile zinazochanganywa na spiriti ya viwandani. Hapa hatukeneki chochote, tunachachua tu na kunywa vilevile, na ukifuata usafi na ukatupa chenye ukungu uko salama. Gongo sio hatua inayofuata baada ya mbege, ni kitu kingine na sheria yake ni nyingine, usiguse. Na kama mbege yako itapendwa mpaka majirani wanataka kununua, kabla hujapokea hata shilingi nenda ofisi ya kata au halmashauri uulizie leseni ya pombe za kienyeji, kupikia familia na kuuza ni mambo mawili tofauti mbele ya sheria.

Ukishajua hii ya msingi ndo unaanza kuchezea vipimo. Wengine wanapunguza ulezi kwa sababu bei imepanda, wanajazia unga wa mahindi, inalewesha ila ile ladha ya mkate inapotea. Mimi napendelea kuongeza ulezi robo kilo na kupunguza maji, inakuwa nzito, ile ya kunywea kwenye kata ya kibuyu.

Na ukiwa na kata, iloweke kwenye maji usiku ule mbege inapoumuka, kibuyu kikavu kinakunywa pombe yako ya kwanza yote na kinaipa ladha ya vumbi. Asubuhi isuuze, koroga ndoo mpaka chini maana ulezi unalala, chota, onja wewe mwenyewe kwanza mbele ya wageni kama tulivyokuta wakubwa wanafanya, ndo umpe mzee kuliko wote aliyekaa hapo. Mpe kwa mikono miwili, halafu subiri aseme.